Krimu au Udongo: Rangi Mbili za Joto kwa Sebule Moja

Mabibi na mabwana, mafundi wenzetu, na ninyi mnaojiandaa kupaka nyumba zenu kabla ya sikukuu, habari za asubuhi.

Katika maswali yanayoulizwa mbele ya mashine ya kuchanganyia rangi, moja halichoki kurudi: sebule ipigwe krimu au ipigwe udongo? Muulizaji ameshika kadi mbili ndogo, upana wake hauzidi vidole viwili. Anazipeleka mlangoni penye mwanga, anazirudisha ndani, anachagua. Baada ya wiki anarudi kulalamika kwamba dukani walikosea mchanganyiko, maana ukutani imetoka rangi nyingine kabisa. Mara nyingi mashine haikukosea. Kadi ilitazamwa kwenye jua la mlangoni, ukuta unatazamwa chini ya balbu, na kilichokuwa kipande cha karatasi sasa kimezunguka pande nne.

Kwa hiyo leo tutazilinganisha rangi hizi mbili ndani ya chumba kimoja cha mfano. Sebule ina urefu wa mita 4, upana mita 3.5, na kimo mita 2.8. Mlango mmoja. Madirisha mawili, kila moja mita 1.5 kwa 1.2, moja linafunguka barazani, la pili linatazama magharibi. Dari ni jipsamu nyeupe, sakafu ni marumaru. Wengi wenu mnakaa katika chumba kama hicho.

Kwanza tukubaliane maana. Tukisema krimu tunamaanisha nyeupe iliyotiwa manjano kidogo, mfano wa malai yanayoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Tukisema udongo tunamaanisha ile ya mtungi uliokwisha kuchomwa, ikalegezwa kwa nyeupe mpaka ukali ukaondoka. Wako wanaoiita pichi. Pichi ni nyepesi zaidi na ina uwaridi ndani yake. Msipeleke neno tupu dukani, pelekeni namba ya rangi.

Hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Krimu nzuri hupata manjano yake kwenye oksidi ya chuma ya manjano, yaani chuma kilichoungana na oksijeni kama kutu, na udongo hupata wekundu wake kwenye oksidi ya chuma nyekundu. Oksidi ya manjano imeshika maji ndani ya umbo lake. Ukiipasha joto hadi nyuzi 300 hivi, maji yale hutoka nayo hugeuka nyekundu. Ndivyo baadhi ya udongo wa manjano unavyotoka motoni ukiwa mwekundu, kama mfinyanzi yeyote anavyojua. Jambo hili lina faida kwa fundi. Oksidi hizi mbili haziungui na chokaa ya saruji, hazipauki upesi kwa jua, na hufunika ukuta vizuri. Manjano kali ya limau kwa kawaida hutokana na viungo vingine, vyenye ufunikaji hafifu. Ndiyo maana krimu inayolia manjano huomba mkono wa tatu na wa nne, yaani kupakwa mara ya tatu na ya nne, huku lipu ikiendelea kuchungulia. Mwambieni mchanganyaji wazi: nataka krimu iliyotengenezwa kwa oksidi ya manjano.

Na hapa tuingize tahadhari ya afya, maana inahusu manjano na nyekundu hasa. Rangi nyingi za zamani za mafuta zilipata manjano na chungwa lao kwenye kromati ya risasi, kiungo chenye madini ya risasi ambayo ni sumu. Mtoto akimeza au kuvuta vumbi lake, ubongo wake unaumia. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni katika rangi. Kwa hiyo mkikuta ukuta au mlango wa zamani wenye rangi ya mafuta ya manjano, msiupige msasa mkavu. Ulowesheni, tumieni msasa wa maji, vaeni barakoa, watoto na mama mjamzito wasiwepo, na mabaki yakusanywe yasifagiliwe uani.

Sasa tuje kwenye mwanga, na hapa tunaomba mkae nasi kidogo, kwa sababu kazi nzima inaamuliwa hapa.

Kila rangi ina kiwango cha kurudisha mwanga, kinachopimwa toka 0 hadi 100. Nyeusi kabisa ni 0, nyeupe kamili ni 100. Krimu tunayoizungumzia iko kwenye 75 hivi, na udongo kwenye 35. Kwa kuzisikia tu, mtu atadhani krimu inaishinda udongo mara mbili basi. Lakini mwanga ndani ya chumba haugongi ukuta mara moja ukaisha. Unadunda. Ukiingia mwanga wa sehemu 100, ukuta wa krimu utarudisha 75. Mdundo wa pili 56. Wa tatu 42. Udongo utarudisha 35, kisha 12, kisha 4. Angalieni mdundo wa tatu: 42 kwa 4. Ile kona ya nyuma ya sofa, mbali na dirisha, huishi kwa mwanga wa mdundo wa pili na wa tatu. Kwenye krimu mtu atasoma gazeti pale saa kumi jioni. Kwenye udongo atawasha taa.

Watu wa mwambao waliijua hesabu hii bila namba. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana ulibanwa na urefu wa boriti za mikoko, na kuta zake ni nene. Ndani walipaka chokaa nyeupe, ili mwanga mdogo unaoingia kutoka uani udunde mpaka kwenye zidaka za ukuta wa mwisho. Chumba chenye kiza kilipewa ukuta mweupe. Sisi leo tunajenga baraza pana, tunaweka pazia zito na wavu wa mbu, halafu tunapiga udongo pande zote nne, tunabaki kushangaa bili ya umeme.

Kudunda huko kuna jambo la pili, nalo ndilo linalowaponza wenye kadi ndogo. Mwanga ukigonga ukuta wa krimu unaondoka umebeba manjano kidogo. Unagonga ukuta wa pili wa krimu, unaongezewa manjano tena. Kuta nne zinazotazamana hupikana. Krimu iliyoonekana pole kwenye kadi huwa siagi chumbani, na siagi huwa limau. Udongo uliokuwa mtulivu huwa chungwa. Kanuni yetu ni hii: ukishaipenda rangi kwenye kadi, shuka hatua moja kwenye safu ileile, yaani chukua iliyo nyepesi zaidi, au ile iliyofifishwa kidogo.

Kufifisha kwenyewe kuna mtego. Fundi akiona krimu inalia sana, mkono wake unakwenda kwenye kichupa cha nyeusi. Nyeusi ndani ya manjano huzaa kijani. Krimu yako itatoka na sura ya ugonjwa, hasa chini ya taa nyeupe. Tumieni kahawia ya udongo, au tone la oksidi nyekundu. Manjano itatulia na joto litabaki. Na wekeni matone kwa mashine, si kwa makadirio. Krimu huhitaji kiasi kidogo sana cha rangi ya kuchanganyia, hivyo kosa la matone mawili linaonekana. Udongo hubeba nyingi, hivyo huvumilia tofauti ndogo, ila nao ukizidishiwa sana unachelewa kukauka na uso wake unabaki laini, unashika kucha.

Turudi kwenye madirisha. Mafundisho mengi ya rangi yaliyoenea yaliandikwa kwa ajili ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, nako wanasema chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa baridi, cha kusini kina mwanga wa joto. Msiyabebe mafundisho hayo mkayaleta Dar es Salaam. Dar iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita mchana liko upande wetu wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, hugawana pande hizo karibu nusu kwa nusu. Kwetu sisi kinachotawala chumba ni mashariki na magharibi.

Dirisha la mashariki hupokea jua la asubuhi, kisha mchana kutwa huishi kwa mwanga wa anga, ambao una ubuluu. Ubuluu huo hula manjano: krimu nyepesi mno itaonekana kijivu ifikapo alasiri. Humo tumia krimu iliyokolea kidogo, au udongo, kama dirisha ni kubwa. Dirisha la magharibi hufanya kinyume. Kuanzia saa tisa mpaka magharibi jua linaingia limelala, na lenyewe lina rangi ya dhahabu. Krimu yenye manjano mengi itawaka mpaka macho yachoke. Udongo nao utakuwa kama jiko la mkaa. Chumba chetu cha mfano kina dirisha hilo, kwa hiyo manjano lazima ifungwe breki.

Vilevile tazameni nje kuna nini. Dirisha la barazani halioni anga, linaona ardhi. Arusha au Iringa, penye udongo mwekundu, mwanga unaingia umekwisha kupata wekundu. Mwambao, penye mchanga mweupe, unaingia safi na mkali. Mwembe ukisimama mita mbili kutoka dirishani, unaleta kijani, na krimu huipokea kijani hiyo kirahisi kuliko udongo. Ndani, sakafu ya saruji nyekundu huirushia krimu wekundu kuanzia chini hadi usawa wa kiti. Wengi huupenda mchanganyiko huo, na ni mzuri kweli, lakini ujulikane mapema.

Usiku kuna taa. Kwenye boksi la balbu pameandikwa namba yenye herufi K. Balbu ya 2700 au 3000 ina mwanga wa manjano. 4000 iko katikati. 6500 ni ile nyeupe yenye ubuluu iliyojaa madukani kwetu. Chini ya 6500 krimu hupoa ikawa nyeupe isiyo na habari, na kama ina kijani ndani, hapo ndipo inajitokeza. Udongo huumia zaidi: balbu nyingi za bei ya chini zina upungufu wa mwanga mwekundu, na rangi nyekundu isiyoletewa wekundu haina cha kurudisha. Inageuka matope. Tafuteni balbu ya 3000, na pale penye maandishi ya Ra, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa uhalisia, chagueni 90 badala ya 80. Mwenye nyumba akisema hatabadilisha balbu zake nyeupe, sisi tungemshauri aache udongo. Na kwa wingi, chumba cha krimu kinachotosheka na taa mbili za LED za wati 9, kila moja ikitoa lumeni 800 hivi, kikipigwa udongo kitaomba ya tatu.

Umeme ukikatika, jicho lenyewe hubadilika. Katika giza jepesi wekundu ndio wa kwanza kuzimika machoni; mwanasayansi Jan Purkyně wa Bohemia, nchi iliyo sasa ndani ya Jamhuri ya Cheki, alilieleza hilo mwanzoni mwa karne ya 19. Magharibi ikiingia, ukuta wa udongo hutangulia kuwa mweusi wakati krimu bado inaonekana. Penye mzee ndani ya nyumba mwenye macho dhaifu, hilo lipimwe kabla ya mengine.

Mtauliza, je, rangi ya joto huongeza joto chumbani? Kwa kiasi cha kuhisika, hapana. Joto la chumba hutoka kwenye bati, kwenye ukuta wa nje unaopigwa na jua, na kwenye dirisha. Ila akili husikia joto, na katika jiji lenye mvuke kama Mombasa au Tanga, kukaa kwa muda wa saa kumi kati ya kuta nne nyekundu kunachosha. Mbeya au Njombe, mwezi wa Julai, chumba hichohicho kinakaribisha.

Basi majaribio yafanyweje? Achaneni na vipande vya kiganja vinavyopakwa katikati ya ukuta wa zamani. Mwaka 1839 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha kufuma cha Gobelins mjini Paris, alieleza kwamba rangi mbili zikilala pamoja, kila moja huivuta nyingine kwenye upande wa kinyume. Paka krimu juu ya ukuta wa zamani wa buluu, krimu itaonekana chungwa. Ukuta wa buluu ukishafunikwa wote, chungwa ile imeondoka nayo, na wewe umeshanunua ndoo.

Chukueni vipande vinne vya jipsamu au hadibodi, sentimita 60 kwa 60, viwili vya krimu na viwili vya udongo. Pigeni praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, kisha mikono miwili kamili kwa rola ileile itakayotumika ukutani. Acheni ukingo mweupe wa sentimita 5 pande zote. Subirini siku nzima, kwa sababu rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi, ikikauka hukolea. Kisha chukueni vipande viwili vya rangi moja mvisimamishe kwenye kona ya chumba, vitazamane kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa nusu. Angalieni ndani ya pembe ile. Rangi mnayoiona pale, iliyokolea, ndiyo itakayokuwa sebuleni kwenu. Kadi haiwezi kuwaonyesha hilo.

Viangalieni saa mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku taa zikiwaka na mapazia yamefungwa. Vihamisheni: ukuta wa pembeni mwa dirisha, ukuta unaotazamana nalo, na nyuma ya sofa. Kaeni navyo siku mbili. Saa yenye uzito mkubwa ni ile ambayo familia huwa imekaa humo. Sebule inayotumika kuanzia saa moja usiku haina sababu ya kuchaguliwa rangi kwa mwanga wa saa nne asubuhi.

Tukishachagua, hesabu. Mzunguko wa chumba ni mita 15. Mara kimo 2.8 tunapata mita za mraba 42. Toa mlango, kama mita 1.9, na madirisha 3.6. Inabaki 36.5. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, tutumie 10. Mikono miwili ni lita 7.3, yaani galoni mbili za lita 4. Praima kwenye ukuta mpya hunywewa zaidi, mita 8 kwa lita, hivyo lita 4.6, galoni moja haitoshi. Ukuta wa lipu bila puti, ule unga laini wa kusawazishia ukuta, hufunikwa mita 7 au 8 tu kwa lita hata kwenye mkono wa mwisho. Udongo utagharimu zaidi kwa ujazo uleule, kwa kuwa unabeba rangi nyingi ya kuchanganyia.

Nunueni zote siku moja. Galoni mbili zenye namba moja zinaweza kupishana kidogo, na tofauti itajitokeza katikati ya ukuta. Zimimineni zote kwenye ndoo moja kubwa safi, zikorogwe, ndipo kazi ianze.

Kuhusu ukuta tutakwenda haraka, mafundi mnaujua. Lipu mpya ingoje siku 28. Saruji mbichi ina ukali wa chokaa unaofika 12 hadi 13 kwenye kipimo cha pH. Ukali huo huigeuza rangi ya mafuta kuwa kama sabuni, ikanata na kubanduka. Bandikeni nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, mzibe kingo zote kwa tepu, muiache saa 24. Mkikuta matone kwa ndani, ukuta haujakauka. Praima iwe ya kuhimili chokaa. Puti mikono miwili myembamba, msasa namba 150 kisha 220, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Kabla ya praima, zimeni taa zote, shikeni tochi sambamba na ukuta. Kila donge litatupa kivuli.

Mwambao kuna adui wake, chumvi. Lipu iliyopigwa kwa mchanga wa bahari usiooshwa hufyonza unyevu wa hewa na kutoa unga mweupe juu ya rangi. Kwenye krimu unga huo hufichika kwa muda. Kwenye udongo unaonekana kesho yake, ramani nyeupe kutoka sakafuni hadi magotini. Rangi yoyote juu yake ni kupoteza fedha. Unga ukwanguliwe mkavu, upigwe brashi, chanzo cha unyevu kitafutwe, na pale palipoharibika sana lipu ibomolewe.

Sasa tofauti za kazi yenyewe. Krimu ni rangi yenye huruma kwa fundi. Mkono wa kwanza waongezee maji yasiyozidi asilimia 10, yaani mililita 400 kwa galoni, mkono wa pili asilimia 5 au bila maji kabisa. Maungio ya rola hayaonekani sana, na mtoto akikwaruza, unaweza kurudia sehemu ndogo ndani ya mwaka wa kwanza bila kuacha kiraka. Dosari yake ni uchafu: pembeni mwa swichi, nyuma ya vichwa kwenye viti, chini ya dirisha. Kwa hiyo krimu iwe ya silki, yaani yenye kung'aa kiasi, inayofutika kwa kitambaa na sabuni laini. Na isiwe ya mafuta. Rangi ya mafuta ya aina nyepesi hugeuka manjano gizani. Mkihamisha kabati baada ya miaka miwili mtakuta umbo lake limechorwa ukutani.

Udongo humdai fundi. Praima nyeupe chini yake itachungulia kwenye kila mkwaruzo, kwa hiyo mwambieni mchanganyaji aitie praima rangi ileile kwa nusu ya nguvu. Kosa kubwa ni fremu: fundi anapaka kingo zote za chumba kwa brashi asubuhi, anakunywa chai, anarudi na rola. Kingo zimekauka, brashi imeacha unene tofauti na wa rola, na ukuta mzima unatoka kama picha iliyotiwa fremu nyeusi. Wafanye watu wawili. Mmoja anakata kingo kwa urefu wa mita moja tu, wa pili anamfuata na rola yenye manyoya ya milimita 10 hadi 12, wakati kingo bado mbichi. Twendeni kutoka juu hadi chini, upana wa mita moja kwa safari, na mpito wa mwisho wa rola uwe wa kushuka kila mara. Ukuta ukianzwa umalizwe mpaka konani, chakula kingoje. Anzeni mapema asubuhi, na ukuta unaopigwa na jua la magharibi usiguswe baada ya saa nane. Feni izimwe, maana hukausha kingo kabla hamjazifikia. Kati ya mkono na mkono zipite saa nne, na msimu wa mvua hata sita.

Mng'ao nao uamuliwe. Udongo usiong'aa kabisa huficha maungio lakini ukifutwa unabaki na alama za kuwaka, kama suruali iliyopigwa pasi juu juu. Udongo wa silki huonyesha kila donge la puti. Mng'ao hafifu, wa kati ya hizo mbili, ndio tunaoupendekeza. Kiraka kidogo hakifichiki kwenye udongo. Ukuta ukikwaruzwa rudieni wote, kona hadi kona.

Kwa chumba chetu cha mfano, chenye baraza upande mmoja na jua la magharibi upande wa pili, sisi tungechagua krimu, iliyofifishwa kwa tone la oksidi nyekundu, kiwango chake cha kurudisha mwanga kisishuke chini ya 70, silki, na balbu za 3000. Tone lile jekundu litaizuia isiwake jioni na isigeuke kijani usiku. Kama dirisha lile la magharibi lingekuwa la mashariki, likawa pana mara mbili, na familia ikakaa humo usiku tu, tungeupa udongo nafasi bila kusita, kwa sababu chini ya taa ya manjano hakuna krimu inayokaribia uzuri wake kwenye ngozi za watu, kwenye mbao na kwenye mkeka wa ukindu. Na mwenye kuzitaka zote mbili asiogope: udongo uende kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia au chumba cha kulia, krimu ibaki sebuleni, zitaelewana, maana damu yao ni moja.

Kazi ikiisha, jazeni nusu lita ya rangi iliyobaki kwenye chupa ya kioo hadi ukingoni, ili hewa isibaki ndani, mfunge, muihifadhi gizani. Kisha fungueni kifuniko cha swichi ya sebule, umeme ukiwa umezimwa kwenye mita, na kwa upande wa ndani wa kifuniko hicho andikeni kwa kalamu isiyofutika namba ya rangi, aina ya mng'ao, tarehe, na idadi ya lita zilizotumika. Makopo hutupwa na risiti hupotea, lakini fundi atakayekuja baada ya miaka mitano atafungua swichi ileile.